Mzee wa Slaidi na Mlango wa Pili

Kuna watu Mungu kawapa kila kitu akasahau ulimi. Mzee wa Slaidi alikuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa ushauri wa usalama wa moto: anaingia kwenye jengo lako, ananusa nyaya, anatikisa madirisha, kisha anakuambia utaungulia wapi. Kwa jicho hakuwa na mpinzani. Lakini msimamishe mbele za watu sasa! Ataugeukia ukuta, asome slaidi neno kwa neno, na nyuma yake nusu ya ukumbi wanasinzia, nusu wanachezea simu. Jina hilo alipewa huko huko, wala si kwa heshima.

Basi shule ya bweni anakosoma kitinda mimba wake ikamwita akague majengo wakati wa likizo. Bweni la wasichana alilikuta na mlango mmoja tu, na madirisha yote yana nondo. Alitaka mlango wa pili utobolewe kabla watoto hawajarudi. Bodi ya shule ikamsikiliza, ikapiga miayo, ikamwambia aje tena wiki inayofuata, na iwe mara ya mwisho.

Alirudi nyumbani amenywea.

"Hawanisikii, mama watoto."

"Watakusikiaje na wewe unaongea na ukuta?"

Katika nyumba ile pasi ilikuwa kazi ya baba, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Jumamosi alikuwa ananyoosha sare za binti yake huku mkewe akishona vifungo, mara akaanza kulalamika. "Hebu fikiria, mke wangu. Moto umeshika kwenye swichi, pale pale mlangoni. Moshi umejaa. Mtoto ameamka, haoni hata kidole chake. Atoke wapi? Apasue nondo kwa meno?"

Mkewe aliacha kushona. "Hapo hapo! Hivyo ulivyoniambia mimi, nenda ukawaambie."

"We! Pale kuna wakubwa."

"Wakubwa gani? Chagua uso mmoja, ufanye ndio mimi. Hizo slaidi ziache zipumzike."

Siku ikafika. Mzee wa watu alisimama, na miguu, kwa mazoea yake, ikaanza kumgeuza. Akakumbuka la mkewe. Akatafuta uso, akaangukia wa mwenyekiti wa bodi, jibaba la ndevu nyeupe, hakimu mstaafu ambaye kucheka aliwaachia wengine. Liwalo na liwe, akamkazia macho.

"Hebu fikiria, mke wangu..."

Lahaula! Ukumbi mzima uliangua kicheko, katibu akadondosha kalamu. Mzee wa Slaidi alitamani ardhi ipasuke. Mwenyekiti akazipapasa ndevu zake taratibu.

"Haya, mume wangu," akasema, "nakusikiliza."

Ndipo akasema. Alisema kama aliyeshika pasi mkononi, bila slaidi hata moja, na simu zote zikalala mezani. Alipofika kwenye nondo, mwenyekiti akamkatiza.

"Na binti yako analala wapi humo?"

Hilo hakuwa amejiandaa nalo. "Kitanda cha mwisho," akajibu, na sauti ikaanza kumkatika. "Mbali kabisa na mlango. Kwenye ukuta huo ninaoomba tuutoboe."

Hakuna aliyecheka tena. Mkono wa kwanza kunyooka kuunga mkono ulikuwa wa mwenyekiti mwenyewe.

Shule ilipofunguliwa, baba na mama walimsindikiza binti yao mpaka bwenini. Mlango mpya ulikuwa hatua chache tu kutoka kitandani kwake, bado unanuka rangi. Binti akaweka sanduku chini, akautazama, akanuna.

"Jamani, baba! Huu mlango wao utanipitishia baridi usiku kucha."

Baba mtu akafungua kinywa, akakifunga. Maneno yalikuwa yamemtoroka tena, na macho yamemjaa machozi. Ikabidi mkewe amjibie.

"Jifunike, mwanangu."