Carte mère ya mataa na sanduku la Papa Ilunga

Jamani, aibu hii nilitaka kuificha mpaka kaburini, ila mke wangu ameanza kuisimulia sokoni na kuitia chumvi, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe.

Wakati huo Béa alikuwa mchumba tu, na wa kunikubali au kunikataa alikuwa baba yake, Papa Ilunga, seremala wa mtaa wa Katuba. Aliposikia ninaunga kompyuta yangu ya michezo kipande kwa kipande, akajitolea kuitengenezea sanduku la mbao (ningekataaje, na mimi natafuta kupendwa?). Nikachagua carte mère ndogo, yaani ile sahani ambayo vipande vyote vinachomekwa juu yake, nikamkatia Papa kipimo chake kwenye katoni, akaanza kazi. Siku ya kwenda mjini kuinunua, muuzaji akawasha nyingine pembeni, kubwa, ya mataa yanayobadilika rangi, na mimi nilivyo mjinga wa vitu vinavyong'aa, nikabeba hiyo. Kumpigia Papa simu nikaona haya. Nikajiambia itaingia tu.

Kwetu kitu kipya lazima kinyweshewe, yaani kisherehekewe kwa vinywaji, basi Jumapili mchana nikaalika watu, bia, kuku, majirani, mpaka Mama Odia aliyekuwa amemwagiza Papa milango sita. Papa akafunua sanduku, linang'aa vanishi, makofi yakapigwa. Nikaweka carte mère. Haikuingia. Nikaigeuza, nikaiinamisha, nikaisukuma kwa tumbo (msicheke), jasho linanitoka, watu wananitazama, na mdomo wangu ukajisemea:

"Papa, miye naona ni kipimo ilikosa."

Mama Odia akaweka glasi chini. "Aba! Kama kasanduku kanamushinda, sasa milango yangu itakuwa je?"

Papa akapitisha kidole kwenye mbao zake. "Nilipimaka mara tatu," akasema polepole. "Pengine macho yangu inaanza kuzeeka."

Hapo roho iliniuma kweli. Nikapanda juu ya kiti (kwa nini kiti, sijui hadi leo) nikapiga kelele: "Papa hakukosa! Ni miye! Nilinunua ingine, ya mataa, nikaogopa kukuambia!"

Béa akajifunika uso kwa kitenge. Papa akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Odia, unasikia? Macho yangu iko muzima!" Akaagiza msumeno, akakata ubavu mzima wa sanduku mbele ya wageni, mashine ikakaa nusu uchi, ikawaka, tukacheza mchezo wa mpira humo, na Mama Odia akanifunga mabao manne.

Milango yake aliichukua yote. Na mimi nimeapa kutomtwisha tena mtu kosa langu, ingawa kosa hilohilo ndilo lililoniokoa siku ya mahari: wajomba wa Béa walipoanza kunichunguza, Papa aliwakatiza: "Huyu hajue kudanganya, hata akijaribu. Mumupatie mutoto."