Ndoo Tatu za Chokaa Changa

Nakumbuka asubuhi ile tuliyoshindana kupiga plasta ndani ya ngome ya kisiwani, mwanangu, na hata sasa nikiisimulia mikono inaniwasha kutafuta mwiko. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nguvu tele, akili inakuja nyuma taratibu.

Ngome yenyewe ilikuwa ya mawe, ya enzi za Wajerumani, kwenye kisiwa cha ziwani, mwendo mfupi wa boti kutoka Lamadi. Miaka mingi walikaa popo tu. Kisha akaja mwekezaji, mama mmoja wa Dar es Salaam, akataka kuifanya hoteli ya kifahari: vitanda vya kuzama, vyoo vinavyong'aa, na bwawa la kuogelea pale palipokuwa ghala la baruti. Tulicheka mpaka machozi. Ziwa lote hili, halafu mtu alipie bwawa! Lakini furaha tuliyokuwa nayo, acha kabisa. Mimi wa Mkula, niliyezoea kukandika nyumba za udongo, leo napiga plasta ukumbi watakamolia chakula wageni wa kutoka ng'ambo!

Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Sefu wa Bariadi mjini, aliyerithi ufundi wa chokaa kwa baba yake. Alituambia mawe ya kale hayapatani na saruji. Akachimba mashimo mawili ya kulowekea chokaa. La ng'ambo ya ua lilikuwa limekaa miezi, chokaa yake laini kama samli. Lile la karibu na mlango wa ukumbi lilikuwa na siku chache tu.

"Hili msiliguse," alisema. "Lina vijiwe vibichi. Mkivipaka vitakuja kuvimba ukutani."

Sasa sisi Wasukuma unatujua. Tupe shamba, tutajigawa makundi mawili, ngoma ilie, na anayemaliza kwanza ataimbwa mpaka kijiji cha pili wamjue. Ijumaa ile tukauhamishia mchezo ukumbini. Vijana wa kijiji cha Kiloleli wakachukua ukuta wa kushoto, sisi wa Mkula wa kulia, mtu akapiga debe badala ya ngoma. Lo! Miiko ilikuwa haionekani kwa kasi. Mzee Sefu mwenyewe alicheza kidogo pale mlangoni, kisha akapanda boti kwenda Lamadi kuswali.

Tukabakiza kipande kidogo, na Kiloleli nao vilevile. Ndoo yangu ikaisha. Shimo lililoiva liko kule ng'ambo, lile changa hili hapa miguuni. Nikachota ndoo tatu, mwanangu, na nilijua ninachofanya. Tukashinda! Wakanibeba juu juu, wakaimba "Masanja, Masanja" hadi wavuvi wakasimamisha mitumbwi kutazama.

Baada ya wiki ukuta ukaanza kutema. Kijiwe kinavimba, plasta inabanduka, linabaki tundu. Leo matundu kumi, kesho hayahesabiki, na ufunguzi unakaribia. Injinia wa mradi akamwambia yule mama kwamba chokaa ya mzee haifai, ukumbi wote upigwe saruji na mzee arudishwe kwake.

Nilisikia kila neno, nikaendelea na kazi. Ilipofika chai ya saa nne nikamwona Mzee Sefu anafunga miiko yake kwenye kitambaa, bila kumlaumu mtu. Nikaweka kikombe chini. Nikamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulishaniamkia asubuhi, Masanja. Sema kilichokuleta."

Nikamweleza habari za ndoo tatu. Akaweka kitambaa chini.

"Na mbona hukusema?"

"Nilikuwa naimbwa, mzee."

"Basi kaseme mbele ya hao waliokuimba. Mbio zenu sikuzikataa, hata mimi nilicheza. Lakini umeniacha nibebe aibu isiyo yangu."

Nikasema mbele ya wote. Yule mama akauliza kama ukuta unaweza kubanduliwa na kupakwa upya kabla ya wageni. Sijajibu, kiongozi wa Kiloleli akaokota tindo. "Mama, sisi tupigiwe debe tu!" Makundi yote mawili yakauvamia ukuta mmoja, na nakuambia, sijawahi kufanya kazi tamu kama ile. Tulimaliza wageni wakiwa njiani. Wakaingia, wakapapasa ukuta, wakasifu.

Mzee Sefu alinivuta pembeni. "Kazi ijayo," akasema, "wewe ndiye utakayeniambia shimo lipi limeiva." Nililia kama mtoto, wala sioni haya kukwambia.

Mwanangu, kesho unavuka ziwa kwenda kufanya kazi kwa watu. Shindana, cheza, imbwa, ujana ndio huo. Ila ukiharibu, sema wewe mwenyewe, tena mapema, kabla mwingine hajafunga vyombo vyake kwa kosa lako. Mimi nilichelewa zaidi ya wiki, nusura nimpoteze mtu aliyenifundisha yote ninayoyajua.

Haya, nenda. Mungu akupe mikono myepesi na ulimi mkweli, akupe na wakubwa wa kukukemea kwa upendo. Na siku yako ya kusifiwa ikifika, nami nijaliwe kuwepo, nikupigie debe.