Dawa Moja ya Kompyuta Zote

Juzi, kwa fundi kompyuta mmoja hapa Tukuyu, nilimkuta mama wa Kisondela amefuata kompyuta yake ya nyumbani. Kivinjari kilikuwa kikijifunga kila alipoingia kwenye intaneti.

"Nimeipiga windo, mama. Sasa ni mpya kabisa!" Maana yake, amefuta kila kitu na kuanza upya.

Mama akashika kaunta kwa mikono miwili. "Na picha za marehemu mume wangu?"

"Hukusema kuna picha."

"Nawe hukuuliza, mwanangu."

Ili kumtuliza, fundi akafungua kivinjari. Kikajifunga.

"Basi tupige tena."

"Unataka kufuta nini tena?"

Ndugu wasomaji, fundi wa kweli huanza kwa kuitafuta hitilafu. Huyu alifuta vyote vilivyokuwamo, akaiacha hitilafu peke yake.