Aliyekuwa Kati Yangu na Wifi

Tulipomzika mama mkwe kule Ziba, kipindupindu kilimkamata wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, hukohuko msibani. Mimi kilinikamata nikiwa nimesharudi kwangu mjini, Isevya. Tulipona wote wawili, lakini ndugu walishaamua kwamba mimi ndiye niliyekipeleka kutoka mjini. Wifi akaacha kupokea simu zangu.

Mimi ni fundi cherehani. Siku zile nilishona, nikafumua, nikashona tena palepale nilipokosea. Mume wangu alinisihi niache kumpigia, mambo yatapoa yenyewe. Hayakupoa.

Ndipo akaja mtafiti, dada mpole, kuwafuatilia wagonjwa waliotoa sampuli za choo hospitalini, nami nikiwa mmoja wao. Akasema vijidudu vyangu vinafanana sana na vya mgonjwa mmoja wa Ziba. Hakumtaja, na hakuwa na haja ya kumtaja. Nikamuuliza kama ni mimi niliyemwambukiza wifi.

"Hatuwezi kusema hivyo, mama," alijibu. "Waliougua walikuwa wengi, tuliowapima ni wachache. Kati yenu anaweza kuwepo mtu ambaye hatukumpima. Au huyo ndiye aliyewapa ninyi wote wawili."

Akaeleza kuwa kazi yao ni kukadiria, katika sampuli zinazofanana, ni wangapi hasa walioambukizana moja kwa moja. Wakipima wachache, wawili walioambukizana hivyo ni nadra kuwapata.

Nilidhani nitatulia. Badala yake nikaanza kumtafuta kichwani huyo mtu ambaye hakupimwa, hata nikiwa kanisani. Mwishowe nikapanda basi la Nzega, nikaunganisha hadi Ziba.

Wifi alikuwa uani akianika michembe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Nikamweleza yote, nami nikainama kumsaidia kutandaza vile vipande vya viazi.

"Mimi nilishakulaumu," alisema. "Sasa lawama hiyo niipeleke wapi?"

Tukaanza kuwakumbuka waliokuja msibani: nani aliteka maji, nani alipakua ugali, nani aliondoka mapema akishika tumbo. Tulipomfikia jirani yake, mjane aliyetupikia siku zote zile, wifi akanishika mkono.

"Tuache. Kesho nitashindwa kumsalimia."

Akanikaribisha ndani nile. Siku hizi anapokea simu zangu, ingawa hatuzungumzi sana. Nami bado najizuia nisimuulize habari za yule mjane.