Tufe la Kukwaruza

Jirani yetu wa mtaa wa Panda, fundi aliyepandishwa cheo kazini, huchagua tufe la bolingi kwa kulipapasa. Njia za mbao za klabu ya wakubwa wa kampuni, anakochezea sasa, hupakwa mafuta mengi, na tufe laini huteleza mpaka mtaroni. Lenye kukwaruza ndilo hushika. Jumapili moja alilipata, lakini kidole chake kilichonenepeshwa na nyundo kikanasa tunduni. Mkewe akakitemea mate, kama mtu anayevua pete iliyobana. Wake za wakubwa wakageuka kutazama.

"Acha, bantu banatuangalia," mume akanong'ona, abakosti, suti yake isiyovaliwa tai, imemlowa jasho.

"Baache baangalie. Kidole ni yako, haiko yabo." Mke akavuta, kikachomoka.

Siku hizi fundi hulipapasa lile la kukwaruza, huliacha, huchukua linalong'aa lenye matundu mapana. Kabla halijaingia mtaroni, ameshageuka.