Buli Lisilo na Kifuniko

Mama yao alipofariki aliacha buli moja la kahawa, kauri ya karne mbili na ushei, lenye alama ya kiwanda kitakoni, panga mbili za buluu zilizopishana. Roswitha Kretzschmar na mdogo wake Sigrun walilitolea macho hadi wakagawana: huyu buli, yule kifuniko. Upumbavu mtupu! Hapa Meissen, mji wa kauri, hata mtoto anajua kuwa buli bila kifuniko halina bei, na kifuniko peke yake ndiyo kabisa. Kila mmoja alitaka mwenzake aje kumpigia magoti. Miaka ishirini na sita ikapita na Sigrun hakujitokeza hata siku moja. Ndivyo Roswitha alivyonieleza mimi, jirani yake.

Basi kila Jumamosi tulikwenda gulioni Dresden, kando ya mto, kutafuta kifuniko kingine cha enzi ileile. Apige magoti yeye? Thubutu! Vya bandia alivijua kwa ukucha tu: ua lililochorwa kwa mkono hukwaruza kidogo, la kubandikwa huteleza. Miwani aliiacha mkobani, maana muuzaji akikuona unavaa miwani, bei inapanda papo hapo.

Oktoba ile alikuta kifuniko ndani ya sanduku la vijiko la Heiko, muuza vitu vikuukuu. Akakipapasa. Nikaona shingo yake inakuwa nyekundu.

"Takataka hii nayo unauza?"

"Takataka gani umeing'ang'ania hivyo, mama? Yuro arobaini."

"Arobaini! Nikafunike nini, kichwa chako?"

"Haya, ishirini, kichwa changu kiache."

"Kumi. Au kaa nacho mpaka Krismasi."

Heiko akacheka, akapokea kumi. Hatua chache mbele Roswitha akavaa miwani ili afurahi vizuri. Kishikio kilikuwa ua la waridi, na petali moja imegandishwa kwa gundi ya manjano. Marehemu baba yake ndiye aliyeigandisha. Akageuka mbiombio.

"Umekitoa wapi?"

"Coswig, kwa bibi mmoja. Amefariki mwezi uliopita, tukaitwa kuondoa vyombo. Walitafuta ndugu wakakosa, manispaa ikamzika."

Nyumbani alikiweka juu ya buli, kikakaa sawasawa. Mimi nilikuwa na hasira, sifichi, hasira na hao wote wawili. Coswig ni mwendo wa dakika kumi kwa treni!

"Lakini wangekupigia simu," nikasema. "Sigrun si alikuwa na namba yako?"

"Alikuwa nayo, Gerlinde." Alikuwa bado anakitazama kile kifuniko. "Niliibadilisha mwaka uleule wa kwanza. Alikuwa ananipigia kila Jumapili."