Chumba cha Mbele Kilipotiwa Lakiri

Mume wangu alikuwa akitengeneza vipaza sauti. Ufundi huo aliupata kwa bwana mmoja wa Kihindi mwenye duka la redio pale Korogwe mjini, na yule bwana alipofunga duka akahamia Tanga, mume wangu akabaki na vifaa vichache na kichwa kilichojaa nyaya. Siku hizo tulihimizwa kujitegemea. Yeye alijitegemea.

Tulipanga nyumba Kilole, hapo hapo Korogwe. Chumba cha mbele kikawa karakana, na karibu na dirisha lake nikaweka cherehani yangu. Mlango wa kutokea barabarani ulikuwa humo humo, hatukuwa na mwingine. Mimi nimezaliwa Dindira, kwenye baridi na ukungu, na chumba kile chenye joto la chuma cha kulehemu nilikizoea polepole.

Kisha watu wakaanza kuhamishiwa vijiji vya ujamaa kule Handeni, na kila kijiji kikawa na mikutano. Katibu wa chama akaja nyumbani.

"Ndugu fundi, tunataka vipaza sauti. Vya haraka."

"Kuna sheria, Ndugu Katibu," mume wangu akajibu. "Kabla sijauza, lazima vipelekwe Dar es Salaam vikapimwe."

"Wananchi wanahama mwezi huu. Unataka nchi ikungoje wewe?"

Akavitengeneza, vikaenda bila kupimwa. Vya kwanza havikuleta shida, basi na vilivyofuata hakuuliza tena. Nilimwona akipima kila kimoja kwa kusema "moja, mbili" na kuinamisha kichwa kusikiliza, kisha akifunga boksi lake la chuma.

Jioni moja, ukumbini pale mjini, mvua ilikuwa imevuja sakafuni. Mwalimu aliyeongoza kwaya akashika kwa mkono mmoja kipaza sauti alichotengeneza mume wangu, na kwa mwingine akagusa boksi la chuma ili apunguze sauti. Umeme ukamkamata. Watu walidhani anacheza, mpaka mmoja akachomoa waya. Alipona, lakini kiganja kiliungua vibaya.

Wiki ile ile akafika mkaguzi kutoka Tanga, pamoja na polisi wawili.

"Hivi vimepimwa wapi?" akauliza.

"Hapa hapa," mume wangu akasema.

"Kwa kipimo gani?"

Mume wangu akajibu: "Kwa sikio."

Wakafunga karakana, wakapitisha waya kwenye kitasa na kudondoshea lakiri nyekundu iliyogongwa muhuri. Ndani yake vilibaki vipaza sauti, pamoja na kile cha ukumbini, redio za watu alizoletewa atengeneze, na cherehani yangu. Sisi tukabaki upande wa nyuma bila mlango wa barabara, ikabidi jirani atukubalie kutoboa ua wake wa miti. Kuanzia hapo kila nilipokwenda sokoni nilipita jikoni kwake, nikisema "hodi" na "samahani, mama" mpaka maneno hayo yakanichosha. Mume wangu aliamriwa aripoti kituoni kila Jumatatu na asitoke wilayani.

Nilikwenda naye mara moja kituoni, nikamsikia akimwuliza mkaguzi, "Nikivipeleka vikapimwe sasa, adhabu itapungua?"

"Huenda ikapungua."

"Basi nifungulieni nivipeleke."

"Hivyo ni vielelezo. Havitoki mpaka kesi iishe."

"Na kesi itaisha lini?"

"Majibu ya vipimo yakipatikana."

Tukarudi nyumbani kwa kupitia jikoni kwa jirani.

Wenye redio walikuja kuzidai. Mzee mmoja mfugaji alitembea kutoka nyika za Handeni, akakaa barazani kutwa akiutazama mlango. Nikampelekea uji kwa kuzunguka nyumba ya jirani, nikamweleza kwamba hata sisi hatuwezi kuingia.

"Lakini ni nyumba yenu," akasema.

Nikaenda kwa katibu wa chama. Alinipokea vizuri, akaniita shemeji.

"Mimi nilimwambia afanye haraka," akasema. "Sikumwambia avunje sheria."

Ndipo nikapanda Kwashemshi, alikokuwa akiuguzwa yule mwalimu kwao. Nilikusudia kumwomba radhi tu. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji, na mama yake alikuwa akimlisha ugali. Niliona aibu hata ya kukaa.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia yule bibi. Akaitikia bila kunitazama.

Mwalimu akasikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mimi simtakii mume wako jela. Nataka kujua kilichoniunguza ni nini. Nitamwambia hakimu hivyo."

Na kweli alishuka, akasimama mahakamani na mkono wake ule, akaomba vifaa vikapimwe. Hakimu akaamuru lakiri ivunjwe. Majibu yaliporudi, yalisema waya wa umeme ulilazwa ndani ukiegemea boksi la chuma, na kitambaa cha kuutenga kilikuwa chembamba mno. Karibu vyote vilikuwa hivyo, hata vile vilivyokuwa vikiimba vizuri.

Mume wangu akatozwa faini, akakatazwa kutengeneza kitu chochote cha umeme kwa malipo. Cherehani yangu ikaenda kwenye faini hiyo. Vipaza sauti vilitakiwa kuvunjwa mbele ya mkaguzi, na mume wangu akaomba nyundo avivunje mwenyewe. Alipofika kile cha ukumbini, akakifungua kwanza, akatazama ndani muda mrefu.

"Angekufa yule," akaniambia. Kisha akapiga.

Bila karakana hatukuweza kulipa kodi ya nyumba, na mjini asiye na kazi alikuwa akiulizwa maswali. Tukaandikishwa kijiji kimoja cha Handeni, tukapewa kiwanja kwenye mstari wa nyumba na zamu kwenye shamba la pamoja. Maji yalikuwa mbali, na ruhusa ya kwenda kwetu Dindira iliombwa kwa mwenyekiti. Kipaza sauti cha kijiji kilipoharibika walimfuata mume wangu, naye akawajibu kwamba hajui kazi hiyo.

Nilimwuliza mara moja tu kama anaikumbuka kazi yake. Akasema palizi imechelewa, akachukua jembe akatoka.